Mchoro wa Mikidache

Mahabibo, Mahajanga
26 Machi 1994

Baba mdogo Boinali,

Shikamoo. Barua yako aliisoma Mama kwanza, kisha mama yake, Bibi Sitti, akataka asomewe, na iliponifikia mimi ilikuwa imeshapata mafuta ya sambusa pembeni. Nimeisoma mara tatu. Sikujua kwamba Antananarivo sasa kuna ofisi inayoandikisha uvumbuzi wa watu na kuwapa hataza, ili mwingine asidai kuwa ni wake. Na wewe unataka kuuombea mchoro wa Baba. Unajua mdomo wangu ulivyo mzito, lakini siku hiyo nilizungumza mpaka Mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Unasema Baba alipokuwa akikueleza ile kapasita wewe ulikuwa unachomelea redio kwa risasi, nusu ya maneno ikaingia sikioni na nusu ikapanda na moshi. Mimi nadhani nimeielewa. Nitaiandika hapa, uone kama nimekosea.

Kapasita za kauri, zile ndogo kama punje za mchele kwenye ubao wa redio, ndani si kitu kimoja. Ni tabaka nyingi: kauri nyembamba, utando wa madini, kauri, utando, kama kurasa za kitabu. Utando wa kwanza unagusa ncha ya kulia, wa pili ncha ya kushoto, wa tatu kulia tena. Tando za kulia na za kushoto hazitakiwi kukutana hata siku moja. Redio ikirukaruka ndani ya gari au boti, ubao unapinda na kapasita inapata ufa. Baba alizisaga kwa msasa kapasita mbovu mia moja na kumi na mbili, akazitazama kwa lenzi. Akaona kwamba ufa huanzia chini, karibu na ncha, kisha hupanda kwa mshazari. Ukizikata tando za pande zote mbili zinagusana, inapiga shoti, redio inaungua. Basi yeye alizifupisha tando zinazotoka upande wa pili zisifike pale ufa unapopita: za chini alizifupisha sana, zinazofuata kidogo, za juu yake kidogo mno, kama ngazi inayokwenda na mshazari wa ule ufa. Ufa ukija, ukute upande mmoja tu.

Daftari liko sandukuni kwa Mama. Nitalinakili kwa wino mweusi na rula.

Jambo lililomwingiza Mama chumbani akafunga mlango ni ule mstari wa jina la mvumbuzi. Umeandika kwamba jina litakalowekwa ni Mikidache Hamada, si lako. Tangu duka lenu la hapa Mahajanga lilipoungua Desemba ile ya 1976, Wangazija waliposhambuliwa, na vyeti vyote ndani yake, Baba hakupata tena karatasi ya serikali iliyoandikwa jina lake sawasawa, hata ile ya kifo.

Nisamehe Kiswahili changu. Shuleni ni Kifaransa, mtaani Kimalagasi, nyumbani Kingazija. Hiki mlichotoka nacho Unguja, Baba na wewe, sina tena wa kuandikiana naye ila wewe.

Mwanao,
Hayrat


Hell-Ville, Nosy Be
9 Aprili 1994

Hayrat, profesa wangu,

Marahaba. Hukukosea hata neno moja. Mama yako mdogo Mariamou anasema sasa anajua kwa nini kaka yangu alikuwa akinyamaza nikimwambia nimeelewa.

Nimezungumza na wakala wa hataza kwa simu. Anaitwa Bwana Ralaimihoatra, anasema polepole kama mtu anayepima kitambaa. Nilimwambia mvumbuzi amefariki. Akasema hilo si tatizo, warithi wanaweza kuomba na jina lake likabaki. Nikamwambia hatuna kiwanda cha kauri. Akasema hilo nalo si tatizo, ofisi haitaki kiwanda, inataka wazo lililoelezwa vizuri kiasi kwamba mwenye kiwanda aweze kulitengeneza. Nilifurahi nikataka kufunga simu hapo hapo kabla hajafika kwenye tatizo.

Matatizo ni mawili, na yote ninakutwika wewe, kwa kuwa una miaka kumi na sita na macho mazima.

La kwanza, kama kuna mtu duniani aliyevumbua kitu hiki kabla yetu, basi. Haitoshi kwamba Baba yako hakumjua. Na hata kama hakuna cha namna hii hasa, ikiwa fundi yeyote akisoma vya zamani angeweza kukifikia bila kuumiza kichwa, basi pia. Uende kwenye maktaba ya kituo cha Wafaransa utafute.

La pili ameniuliza mara mbili: mchoro huu umewahi kutoka nje ya nyumba? Umechapishwa, umeonyeshwa, umepewa mtu? Kwa upande wangu hapana. Hapa Hell-Ville tulikuwa mimi na yeye tu, na mimi, kama tunavyojua, nilikuwa kwenye moshi. Upande wenu je? Alipokuja huko kutibiwa alikuwa na daftari mkononi. Muulize Mama yako.

Watu wa hapa wananiuliza kapasita ni nini. Nawaambia ni kitu kidogo sana ambacho ndugu yangu alikitazama kuliko watu wote.

Baba yako mdogo,
Boinali


Mahabibo, Mahajanga
24 Aprili 1994

Baba mdogo,

Shikamoo, na mkono wa Mama mdogo Mariamou naubusu.

Nimekwenda maktaba Jumamosi mbili. Mwanzoni niliona haya kumwuliza yule mama anayegawa vitabu dirishani, nikazunguka kwenye rafu za mashairi mpaka wakafunga. Jumamosi ya pili nilimwandikia swali kwenye kikaratasi. Akacheka, lakini akaniletea makasha mawili ya muhtasari wa hataza kutoka Ufaransa.

Nimepata watangulizi wawili. Mmoja ni Mmarekani. Yeye ametia katikati tando zisizogusa ncha yoyote, zinaelea, hivyo ufa ukija upande mmoja bado upande wa pili unazuia. Ni kazi nzuri, lakini uwezo wa kapasita unashuka sana. Wa pili ni Mjapani. Hakugusa tabaka kabisa. Amepaka ncha kwa kitu laini ili ubao ukipinda yenyewe isipinde nao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeufuata mshazari. Wote wameuzuia ufa kama watu wanaofunga mlango. Baba aliuacha upite, akaondoa vitu njiani mwake. Nadhani hapo ndipo penye upya, na nadhani si jambo ambalo fundi mwingine angeliona bila kusaga mia moja na kumi na mbili. Nimeliandika hivyo kwa Kifaransa kwenye karatasi ya pili, umpe wakala.

Kuhusu swali lake la pili, nimemwuliza Mama. Anasema daftari halijatoka sandukuni tangu tulipomzika Baba. Mimi pia sijamwonyesha mtu kwa jinsi anavyouliza wakala, yaani kuuza au kuchapisha au kujitangaza.

Lipo jambo moja nililomfanyia Baba siku ya hitima yake ya arobaini. Hilo sitaliandika, hata kwako. Bi Echata, aliyenifundisha Kurani, anasema sadaka ikitajwa hupungua, na mimi sitaki ya Baba ipungue hata chembe. Halihusiani na ofisi.

Bibi Sitti anasema msichana anayesoma habari za shoti ataposwa na redio. Nimemwambia redio angalau ina sauti ya kutosha watu wawili. Alicheka mpaka akakohoa.

Hayrat


Hell-Ville, Nosy Be
30 Mei 1994

Profesa,

Imeingia! Ijumaa ya tarehe 27, saa nne asubuhi, imegongwa muhuri na kupewa namba. Bwana Ralaimihoatra amesoma maneno yako juu ya Mmarekani na Mjapani, akaniuliza ni mhandisi gani aliyetuandikia. Nilimwambia ni mhandisi anayeogopa kumwuliza swali mama wa maktaba. Hakuniamini. Ameyaweka madai yetu karibu kama ulivyoyaandika: tando zilizofupishwa kwa ngazi, kufuata njia ya ufa.

Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha kutangaza kwamba uvumbuzi haujawahi kuwekwa hadharani. Nimetia saini kwa moyo mweupe, kwa neno lako.

Sasa tunangoja. Nimeshapima ukuta wa dukani, mahali pa kutundika cheti. Mariamou anasema nimepima ukuta kabla ya kupata fremu, kama yule aliyenunua hina kabla ya kupata mchumba. Mwache aseme. Mwanangu, mimi na Baba yako tulitoka Mahajanga tumevaa nguo za kulalia. Miaka kumi na mitano aliingia kila ofisi ya kisiwa hiki kwa jina lililoandikwa na karani yeyote apendavyo, na hakulalamika. Nataka mtu mmoja wa serikali aliandike mara moja, kwa kazi yake mwenyewe. Baada ya hapo sitaki kitu.

Soma kwa bidii.

Boinali


Hell-Ville, Nosy Be
14 Januari 1995

Hayrat,

Sina mzaha leo.

Imekuja ripoti kutoka Antananarivo. Mmarekani hakutuzuia, Mjapani hakutuzuia. Umetuzuia mchoro wetu wenyewe. Umechapishwa Ufaransa, katika jarida la mafundi wa elektroniki, Juni 1993, kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Wakala amenitumia nakala. Tando zile zile, ngazi zile zile, hata ule mshale mdogo wa kuonyesha ufa. Chini yake wameandika: umeletwa na fundi mitambo wa meli ya kuvua kamba, aliyeupata Mahajanga kwa fundi redio Houmadi, mchoraji hajulikani.

Hajulikani!

Ofisi inasema kilichokwisha kuwekwa hadharani kabla ya siku ya kuomba si kipya tena, awe amekiweka nani. Tumepewa muda mpaka mwisho wa Februari kujibu, kisha wanakataa.

Kuna mtu aliyeuiba mchoro wa ndugu yangu akiwa mgonjwa huko kwenu au akiwa maiti. Sijui kama ni huyo Houmadi au aliyempa. Nenda kwake na Mama yako mkaulize aliupata wapi. Mimi nimekwenda kwa maalim. Alhamisi ya tarehe 26 tutasoma Halbadiri hapa nyumbani, tuwaombe watu wa Badri wamfichue na kumwadhibu aliyeutoa mchoro ule nje, popote alipo. Mariamou amenisihi nisubiri. Nimekataa. Waliunguza duka letu sikusoma, kwa kuwa sikujua nimsomee nani, walikuwa wengi. Huyu ni mmoja.

Boinali


Mahabibo, Mahajanga
21 Januari 1995

Baba mdogo,

Usisome Halbadiri. Ni mimi.

Nimekwenda posta mara nne kupiga simu duka la jirani yako. Tangu kimbunga cha wiki hii laini haipatikani. Barua hii naituma kwa ndege na ninaomba ifike kabla ya Alhamisi.

Ile hitima ya arobaini walialikwa wasomaji thelathini kutoka msikitini, kila mtu juzuu yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo na kila usiku wa siku tisa zilizotangulia nililitoa daftari sandukuni Mama akiwa amelala, nikanakili mchoro wa Baba mpaka zikatimia nakala thelathini. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Bi Echata alitufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo machache, na moja ni elimu anayoiacha ikawafaa watu. Nilifikiri: Baba hakuacha msikiti wala kisima, ameacha hiki. Kikikaa sandukuni hakimfai. Nikaona haya kusimama mbele ya wanaume na kuwagawia, basi nikakunja kila karatasi nikaitia ndani ya juzuu, kila mmoja atakayefungua aikute. Chini niliandika, "Atakayetengeneza kwa mchoro huu amwombee aliyeuchora." Jina sikuandika. Nilidhani kuandika jina ni kujitangaza. Uliponiuliza mwaka jana kama umetoka nje nilisema hapana, kwa sababu nilidhani wanaulizia kutangaza, na yangu ilikuwa siri. Sikujua kwamba kwa ofisi, kilichotolewa kwa siri kwa watu thelathini kimetangazwa. Hapana, hili si kweli kabisa. Nilikuwa na wasiwasi kidogo. Ningekuuliza. Niliogopa thawabu itapungua.

Nimekwenda kwa Houmadi, peke yangu. Duka lake ni dogo, limejaa redio za meli za kamba zilizofunguliwa matumbo. Nilimwuliza kuhusu mchoro uliochapishwa, akadhani nimetumwa na shule. Akanionyesha karatasi yenyewe, ameitia kwenye nailoni na kuigongomea ukutani juu ya meza. Ni mwandiko wangu, Baba mdogo.

Akasema, "Nilikwenda kumsomea marehemu mmoja wa Nosy Be, nikafungua juzuu ya kumi na saba, nikaikuta hii imelala kwenye Suratul Anbiyaa. Sijui kaiweka nani. Kapasita zenyewe siwezi kutengeneza, lakini imenifundisha ufa unapita wapi, sasa najua ipi ya kubadilisha na ubao niukaze wapi. Kila nikiwasha redio ikaitika, kwanza namwombea mwenye mchoro, ndipo namwita mwenye redio."

Nikamwuliza kama anamjua huyo mwenye mchoro. Akasema hapana. Yule Mfaransa wa melini aliomba kuunakili, naye akaona si haki kumnyima alichopewa bure.

Sikumwambia kwamba ni Baba. Aliniuliza kama nataka nakala, nikatikisa kichwa nikaondoka.

Mama nimemwambia jana. Hakunipiga.

Hayrat


Hell-Ville, Nosy Be
29 Januari 1995

Hayrat,

Barua yako imefika jana Jumamosi. Halbadiri tuliisoma Alhamisi.

Tulikuwa watu kumi na wawili. Nilitaja mwenyewe, kwa sauti: aliyeutoa mchoro wa ndugu yangu nje ya nyumba yake asipate raha. Mariamou aliposikia barua yako alijifunika kanga usoni. Nilikwenda kwa maalim sijavaa hata viatu. Akasema dua ya namna hiyo haimpati asiyeiba, tusome tena kuiondoa, nifunge siku tatu. Tumesoma tena usiku huo huo. Leo ni siku yangu ya kwanza ya kufunga. Unaumwa? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Haya mengine nayaandika kwa kuwa muda unakwisha. Nimempigia Ralaimihoatra nikamweleza. Akasema kuna njia moja. Ukiapa kwa maandishi kwamba zile karatasi walipewa jamaa wa nyumbani kwa amana, wakiambiwa zisitoke, na kwamba Houmadi ameivunja amana hiyo, basi ofisi inaweza kuhesabu kuwa hazikuwekwa hadharani. Ameandika tamko, nimelitia ndani ya bahasha hii. Ni mistari sita. Mama yako atie saini chini ya yako, kwa kuwa hujafikia umri.

Najua si hivyo ilivyokuwa. Sikuambii ni kweli. Nakwambia ni mistari sita, na baada yake jina lake linaandikwa.

Hayrat, sikiliza. Daftari lile lilikuwa urithi. Mama yako thumni, wewe nusu, iliyobaki yangu. Mwulize Bi Echata wako, atakwambia sehemu tatu kwa nane zilikuwa zangu. Ulitoa sadaka kitu ambacho hakikuwa chako chote. Ungeniuliza ningekwambia toa. Hukuniuliza.

Boinali


Mahabibo, Mahajanga
11 Februari 1995, mwezi kumi Ramadhani

Baba mdogo,

Siumwi. Usifunge kwa ajili yangu zaidi ya Ramadhani yenyewe.

Bi Echata amesema ni kweli, sehemu tatu kwa nane. Nakuomba radhi kwa hizo. Nimeliweka tamko juu ya meza yangu ya kusomea siku sita. Nimelisoma mpaka nalijua kwa moyo. Siku ya nne nilichukua kalamu, nikaandika H, nikaacha.

Nikitia saini nitakuwa nimesema Houmadi ni mwizi, na yeye ndiye mtu peke yake kati ya thelathini aliyefanya niliyomwomba. Waliobaki wengi walifungia karanga, nimewaona. Na nitakuwa nimesema kwamba sikutoa. Baba mdogo, kama sikutoa, basi Baba hana kitu. Zile dua za kila redio zinakwenda wapi? Siwezi kumpa jina kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili kumnyang'anya hiyo. Labda Mungu hahesabu hivyo. Mimi sijui anahesabuje, nina hofu tu.

Tamko nalirudisha ndani ya barua hii.

Unasema sikukuuliza. Ni kweli, na nimelia kwa hilo. Lakini sikuwa na pa kukuulizia. Tulimzika Baba ukiwa Nosy Be, na siku ya tatu ukiwa Nosy Be, na siku ya saba. Uliandika kwamba hakuna chombo. Siku arobaini nilikuwa natazama mlango. Wanaume wote waliokuwa wanaingia hawakuwa na sura yake, na mimi nilikuwa natafuta sura yake, na wewe ndiye uliyenayo. Ungekuwepo ningekupa wewe ugawe. Hukuwepo.

Nisamehe kwa kuandika hivi. Kwa mdomo nisingeweza.

Hayrat


Hell-Ville, Nosy Be
6 Machi 1995

Hayrat,

Idi imepita. Mariamou anakusalimu.

Chombo kilikuwepo. Siku ya pili ya msiba nilipanda na begi na kanzu, nikakaa kwenye gunia la kahawa. Nahodha akataja Mahajanga na miguu yangu ikateremka yenyewe. Nilikaa gatini mpaka kikaondoka. Nimemwambia Mariamou juzi tu, yeye pia alidhani hakuna chombo. Miaka kumi na minane sijaukanyaga mji ule. Baba yako aliweza kurudi. Alikwenda kutibiwa, kuoga, kununua muhogo, kama mtu wa kawaida. Alinicheka akasema mji hauna kosa. Mimi kila nikiukumbuka nasikia harufu ya duka letu.

Kwa hiyo umesema kweli, na kwa ajili hiyo neno lako limeniuma zaidi.

Nimeliondoa ombi. Sikungoja wakatae. Bwana Ralaimihoatra alisema kwenye barua ya kuondoa ni vizuri kutoa sababu, ingawa si lazima. Nilikaa nayo mchana mzima. Nikaandika: "Mwenyewe alikwisha kuutoa."

Kwa ulimi nimekusamehe tangu ile barua ya kwanza, siku niliyosoma kwamba ni wewe. Moyo unachelewa. Ni mzito, umefanana na mdomo wako. Usinikimbize. Nikikaa muda bila kuandika usidhani nimekusomea lolote.

Boinali


Mahabibo, Mahajanga
22 Julai 1995

Baba mdogo,

Shikamoo. Ni miezi minne na sikukimbizi. Naandika tu nikwambie jambo moja, usilazimike kujibu.

Maktaba wameletewa lile jarida. Yule mama wa dirishani aliniwekea, anajua sasa ninachotafuta. Nikalifungua ukurasa wa barua za wasomaji. Mchoro umechapishwa vizuri. Mistari imenyooka kuliko yangu, na ule mshale wa ufa wameuweka sawasawa. Chini: mchoraji hajulikani.

Hapakuwa na mtu kwenye meza yangu. Nilichukua penseli, nikaandika pembeni kwa herufi ndogo, Mikidache Hamada. Nilikaa nalitazama. Sikumbuki kama nimewahi kuliona jina lake karibu na kazi yake. Lilikuwa linafaa pale, kana kwamba nafasi ile iliachwa kwa ajili yake.

Nikalitazama mpaka mama wa dirishani akaanza kufunga madirisha ya upande wa pili. Kisha nikachukua kifutio nikalifuta. Sijui kama nimefuta kwa ajili ya sadaka au kwa kuwa kitabu si changu. Nilifuta taratibu, herufi moja moja, kuanzia ya mwisho.

Karatasi ya jarida ni laini, imechubuka kidogo hapo. Ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga unaona kwamba palikuwa na kitu.

Mwanao,
Hayrat